Pasipoti ya Cheryl

Nianze na hili, kwa sababu watu wamelizungusha midomoni mpaka halina kichwa wala miguu: pasipoti ya Cheryl haikupotea. Wanaosema ilipotea ni waongo, na wanaosema aliisahau mahali ni waongo zaidi. Ilichukuliwa mchana kweupe, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, chai ikiwa mezani, na aliyeichukua alikuwa anatabasamu. Nilikuwepo. Na kwa kuwa kila mtu hapa Juba amejipa ruhusa ya kunisema, leo nitasema mwenyewe.

Naitwa Magdaline. Nasimamia ufuaji katika hoteli moja ya Hai Amarat. Mashuka, taulo, suti za wageni wa mashirika, vyote vinapita mikononi mwangu kabla havijarudi vyumbani. Nimekaa mji huu muda mrefu kiasi kwamba Kiarabu cha hapa nakitukania bila kufikiri. Nina mdomo, sikatai. Lakini sijawahi kuutumia kwa mtu ambaye hakunichokoza.

Sasa, sisi Wakenya ukitukuta watatu mahali, ujue tumeshafungua tawi la chama na wawili wanagombania uenyekiti. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, tawi la Juba la Chama cha Nguzo. Kiti chenyewe ukikiangalia ni cha plastiki, cha kuazima kanisani. Ila anayekikalia anakwenda Nairobi kwenye mkutano wa wajumbe, anapigwa picha na wakubwa, na huwezi kujua, pengine anakumbukwa wakati wa kugawa vyeo. Kwa sababu hiyo watu wazima wenye kazi zao walivuana nguo. Upande mmoja alikuwa Morris, mkuu wa magari katika shirika moja la misaada. Upande wa pili alikuwa Janepher, mama wa benki, sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Chama kimoja, fulana za rangi moja, na bado walifika mahali wakawa hawasalimiani ibada ikiisha.

Mimi nilikuwa wa Morris, na sikujificha. Mpishi wetu alipougua vibaya mwaka uliopita, Morris ndiye aliyetoa gari na kukaa naye hospitali mpaka ndugu zake walipofika. Nikasema huyu ana utu, nikakubali kuwa mama wa kampeni upande wa wanawake. Nilizunguka saluni zote za Atlabara nikimpigia debe. Nilimsifu mpaka wengine wakadhani ni shemeji yangu.

Wakati huo pande zote mbili zilikuwa zimekataa kura za karatasi. Hakuna aliyemwamini mwenzake na sanduku. Wakakubaliana watu wapange mlolongo, kila mmoja asimame nyuma ya picha ya mgombea wake, kura ionekane kwa macho. Hapo watu wa Janepher wakadai Morris atajaza mlolongo kwa Waganda wa soko la Custom, awavishe fulana na kuwapitisha kama Wakenya. Likawekwa sharti: msimamizi atapita kwenye mlolongo, na kila anayehesabiwa ainue pasipoti yake. Asiye na pasipoti mkononi hahesabiwi. Wote wakaridhika na sharti hilo, wakapeana mikono, na mimi nikapiga makofi pamoja nao.

Ndipo akaja Jethro. Jethro ndiye aliyekuwa mratibu wa kampeni ya Morris, kijana wa maneno mengi anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Ana kibanda cha simu kule Custom. Alikuja hotelini wakati wa chai ya wafanyakazi akasema chama kinaandikisha wanachama upya, kila mtu ampe pasipoti akaipige picha, na jioni atazirudisha. Wahudumu wakatoa, wapishi wakatoa, wasichana wa mapokezi wakatoa. Cheryl, mhudumu wa mezani, alitoa yake ikiwa ndani ya kifuko cha plastiki, safi kama ilivyotoka kwa watu wa uhamiaji, Nyayo House. Mimi nilipotia mkono kwenye pochi, Jethro akacheka akaniambia, wewe mathe kaa nayo, wewe ni wetu.

Jioni hakurudi. Kesho yake akasema mtandao unasumbua. Keshokutwa akasema picha hazikutoka vizuri. Watu wakaanza kunung'unika, lakini manung'uniko ya wafanyakazi unayajua, yanaishia jikoni.

Na jamani, sisi tunaujua mchezo huu. Nyumbani kila uchaguzi wapo watu ambao kazi yao ni kushika vitambulisho vya wapiga kura wa upande wa pili mpaka siku ipite. Ni uhuni, lakini nyumbani ukinyang'anywa kitambulisho bado uko kwenu, jirani anakujua, chifu anamjua baba yako. Juba ukisimamishwa barabarani na mtu mwenye bunduki, kitu kinachosema wewe ni nani ni hicho kijitabu tu. Jethro alilijua hilo kuliko sisi sote, maana yeye mwenyewe hulala na pasipoti yake chini ya mto.

Ijumaa asubuhi Cheryl alikuja kwangu kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwa napiga pasi. Akasimama mlangoni, hajavaa aproni, simu mkononi. Dada yake alikuwa amempigia kutoka Kitale. Mama yao alikuwa mgonjwa wa figo kwa muda, tulikuwa tunamwombea kila Jumatano, na sasa daktari alikuwa amewaambia wamrudishe nyumbani. Kwetu daktari akisema mrudisheni nyumbani, hakuna anayeuliza maana yake. Mama alikuwa bado anaongea, na neno alilokuwa anaongea ni jina la Cheryl. Ndiye kitinda mimba. Ndiye aliyesomeshwa kwa mandazi ya kando ya barabara baada ya baba kuondoka na kutorudi.

Meneja alimpa ruhusa hapo hapo, hata hakumwacha amalize sentensi. Mabasi ya Kampala yanaondoka kila alfajiri, na ukipita Nimule, Gulu, Malaba, Kitale si mbali tena. Kilichobaki ni pasipoti. Cheryl alinitazama kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akasema, "Anti, wewe mnaongea na Jethro. Mwambie anipe yangu tu, za wengine akae nazo."

Nilipiga simu. Jethro akasema mathe nitakupigia. Nikapiga tena, akakata. Nikaacha pasi, nikamwita Jada. Jada ni mwana wa hapa, anaendesha boda, na huwa anatubeba sisi wa hoteli. Alitupakia sote wawili mpaka Custom, na njiani akauliza fujo ni ya nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Mama, sisi hapa kura iko bado, tunangoja. Nyinyi iko nayo, halafu mnafanyia mwenzenu hivi?" Nikamwambia aangalie barabara.

Jethro tulimkuta kibandani, amekaa kwenye kreti la soda, anakula chipsi. Nilimweleza kwa upole, Mungu ananiona, kwa upole kabisa, kwamba mama wa Cheryl yuko hoi na binti anatakiwa kupanda basi kesho alfajiri. Akafuta vidole. Akasema begi liko salama, haliko hapo, na pasipoti zitatoka baada ya Jumapili. Nikamwambia aende pale lilipo atoe moja. Akavua miwani, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Mathe, tuongee kama watu wazima," akasema. "Huyu anaimba kwaya na Janepher. Nikimpa leo, Jumapili atainua pasipoti upande gani?"

"Jumapili hatakuwepo. Mama yake anakufa, Jethro."

"Kila mtu ana mama," akasema, akarudi kwenye chipsi zake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukuwa na kuandikisha wala kupiga picha. Alikuwa amechagua wa kuwachukulia, hotelini na kwingine. Wale wa kwaya, wale wa ofisi zilizo karibu na benki ya Janepher, wale waliowahi kuonekana wakicheka naye. Mimi hakunichukulia kwa sababu mimi nilikuwa mali yao. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya wateja wake. Cheryl ndiye aliyenivuta mkono, akisema tusimkasirishe, atakataa kabisa. Msichana amedhulumiwa, halafu yeye ndiye anaogopa kumkasirisha aliyemdhulumu. Hilo lilinichoma kuliko hata zile chipsi za Jethro.

Kutoka hapo tukaenda ubalozi wa Kenya, watu wa pale wakatusikiliza vizuri. Hati ya dharura ya kusafiria ilihitaji barua ya polisi kwamba pasipoti imepotea. Sasa msichana asiye na karatasi aingie kituo cha polisi aape kwamba imepotea, na haikupotea? Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa za kazi zimekwisha, mpaka Jumatatu. Tukatoka.

Nikasema basi, twende kwa mwenye kampeni. Morris alitupokea ofisini kwake, akatuvutia viti, akaagiza maji. Alimpa Cheryl pole nzuri sana, yenye aya ya Biblia ndani yake. Kisha akasema yeye hajui habari ya begi lolote, kwamba Jethro ana juhudi kupita kiasi, kwamba atamuuliza. Nikamwambia muulize sasa, simu hiyo mezani. Akaitazama ile simu kama inaunguza. Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mimi ni nguzo ya kampeni, bila mimi wanawake wasingesimama, jambo hili likitoka nje kabla ya Jumapili Janepher atalifanya ngoma. Akaomba tuvumilie tu mpaka Jumapili. Akamwahidi Cheryl kwamba Jumatatu atampandisha ndege, asihangaike na basi.

"Na kama mama hafiki Jumatatu?" nikamuuliza.

Akasema, "Tumwachie Mungu, Mama Magda."

Huyu ndiye niliyemtembezea saluni zote za Atlabara. Huyu ndiye niliyesema ana utu. Kumwachia Mungu kitu kilichoko kwenye begi la Jethro. Nilitoka pale nimefura, na maji yake sikuyanywa.

Jumamosi nilimeza kiburi changu chote nikampeleka Cheryl kwa Janepher. Nilijua nitaonekana, na nilionekana. Kabla hatujakaa, picha yangu nikiingia geti la Janepher ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la kampeni yetu. Wakaniita msaliti. Wakaniita ndumilakuwili. Mmoja ambaye mimi ndiye nilimtafutia kazi ya kwanza mjini hapa aliandika kwamba mama mfua nguo amenunuliwa kwa sabuni. Watu wa Janepher nao, kwenye kundi lao, wakaandika kwamba nimetumwa kupeleleza. Kutwa nzima walitukanana kuhusu mimi, na katika matusi yote hayo hakuna hata mmoja aliyeandika jina la Cheryl.

Janepher alitukaribisha vizuri. Alimkumbatia Cheryl, akalia machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Aliita vijana wake, wakaja na simu zao wakiwa wameshazielekeza usoni kwa msichana. Wakamwambia aeleze taratibu, tangu chai ilipoandaliwa. Cheryl akaeleza. Wakamwambia arudie, ataje jina la Morris vizuri. Akarudia. Kisha akasema kitu alichokuja kukisema: kwamba Janepher ni mtu mkubwa, Morris anamwogopa, ampigie tu simu na kumwambia habari zimefika kwake, naye ataitoa pasipoti leo hii, na yeye Cheryl akimbilie basi.

Janepher akakunja kitambaa chake cha machozi.

"Mwanangu," akasema, "ikirudi leo, kesho tutaonyesha nini? Watasema ilikuwa kwako siku zote. Vumilia usiku mmoja tu. Kesho utasimama mbele ya mkutano, useme, watu wakuone."

Nilimuuliza kama nimesikia sawasawa. Nilimuuliza kama anataka msichana akae bila pasipoti ili yeye apate cha kuonyesha. Akasema mimi sielewi siasa. Kumbe siasa ndiyo hiyo. Mmoja anaificha ili asishindwe, mwingine anataka iendelee kufichwa ili ashinde, na mama wa watu yuko Kitale anageuza macho mlangoni. Nilimwambia Janepher mambo ambayo mtu wa kwaya hapaswi kuambiwa na mtu wa kwaya. Cheryl yeye alisema tu, "Sawa, madam," akabeba mkoba wake.

Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Jethro begi alikuwa amelificha, na hata Jada aliyeulizia kwa wenzake wa boda hakulipata. Lakini nilijua jambo moja, kwamba Jumapili litakuwepo ukumbini. Mtu hashiki kura za watu halafu akaziacha nyumbani siku ya kura. Kwa hiyo Morris aliponipigia Jumamosi jioni, kwa sauti ya asali, akiomba nisahau yaliyotokea na nije nishike picha yake mbele ya mlolongo kama tulivyopanga, nilimwambia nitakuja. Nikamwagiza Jada atungoje nje kesho, na nikamwambia Cheryl afunge nguo zake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mapambo, spika kubwa, na msimamizi aliyeletwa kutoka makao makuu ya chama, mzee wa suti aliyekuwa akijipangusa jasho. Watu wa Janepher walikuwa wanaimba upande wa madirisha, wetu wanaimba upande wa jukwaa. Nilipewa picha ya Morris iliyobandikwa kwenye fimbo, sura yake kubwa kuliko ya mtu, nikasimama nayo mbele. Na kando yangu, kwenye kiti, alikuwa Jethro, miwani usoni, begi jeusi mapajani.

Mpango wake nikauona kwa macho yangu. Kuwazuia wasipige kura lilikuwa wazo la kwanza. Sasa alikuwa amepata zuri zaidi, na neno lilikuwa limeshapitishwa kwa simu. Kila ambaye pasipoti yake imo humo, akisimama upande wetu, msimamizi akifika Jethro anamchomolea yake, anaiinua, anahesabiwa, anaondoka nayo. Asiyesimama upande wetu, shauri yake. Na walikuja, jamani. Wapishi, wasichana wa mapokezi, wanakwaya waliokuwa wamevaa fulana zenye picha ya Janepher tangu asubuhi, walizivua wakaja kujipanga nyuma yangu wakitazama chini. Watu wa Janepher wakaanza kuwazomea. Wanawazomea walioibiwa. Hawakumzomea aliyeiba, kwa sababu kumfuata yeye alipokaa kungewapotezea nafasi kwenye mlolongo wao, kila mmoja alikuwa anashikilia mahali pake.

Msimamizi alikuwa ameinua kalamu aanze kuhesabu wakati Cheryl alipoingia. Janepher akamwona, akaanza kumpungia mkono aende jukwaani, na vijana wenye simu wakasogea. Cheryl aliwapita. Hakutazama upande wao. Alitembea mpaka kwenye mlolongo wa Morris, akasimama nyuma yangu kabisa, na watu wetu wakashangilia. Morris akapiga makofi kule mbele.

Nikageuka. "Cheryl, hata wewe?"

"Nataka pasipoti yangu, Anti," akasema. "Mama amekufa asubuhi."

Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayomwambia mgeni kwamba samaki wameisha. Waliokuwa karibu wakasikia, wakaacha kushangilia.

"Tangu Ijumaa nilikuwa namdanganya," akasema. "Nilimwambia nimepanda basi. Jana nikamwambia niko Gulu. Akasema anasikia gari kwenye simu, kumbe ni jenereta ya hoteli. Leo asubuhi dada akamshikia simu sikioni nikamwambia nimevuka Malaba. Amekufa ananingoja mlangoni, Anti. Sasa nataka niende nikamzike, na huyu amesema nisiposimama hapa hanipi."

Nilimtazama Jethro. Alikuwa amesikia kila neno. Alifanya nini? Alifungua zipu ya begi, akaanza kutafuta pasipoti ya Cheryl ili iwe tayari msimamizi akifika.

Sikupanga nililofanya, na sijutii. Nilitembea na ile picha mpaka kwa Morris, nikamwekea mikononi, nikamwambia ashike sura yake mwenyewe. Nikarudi kwa Jethro nikashika begi. Akashika upande wa pili. Alinivuta blauzi mpaka vifungo vikaruka, lakini mimi navuta mashuka ya maji kutoka kwenye mashine kila siku ya Mungu, na yeye anashika simu. Nikalipindua begi juu ya meza ya msimamizi, kwenye karatasi zake, na pasipoti zikamwagika mpaka chini.

Nikasema kila mtu achukue yake. Sikuhitaji spika.

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mpishi wetu mmoja akatoka kwenye mlolongo akaja akainama. Kisha wote. Walitoka upande huu, wakatoka na upande ule, wanasoma majina, wanaitana, huyu anampa mwenzake yake. Mlolongo wa Morris ukabaki na watu wa kuhesabika kwa jicho, na wa Janepher nao ukavunjika, kwa sababu hata kule walikuwepo waliokuwa wamechukuliwa na kuona aibu kusema. Kila aliyepata yake aliiweka kifuani akatoka nje. Msimamizi alikuwa anaita warudi wahesabiwe, anaita na hakuna anayegeuka. Morris alikuwa ameshika kipaza sauti anaapa kwamba begi hilo hajawahi kuliona. Vijana wa Janepher walinizunguka wakiniomba nirudishe chache ndani ya begi nimwage tena, maana mara ya kwanza hawakuipata vizuri kwenye video. Naapa. Waliniomba hivyo.

Yake Cheryl aliikuta chini ya kiti, kwenye kile kifuko chake cha plastiki. Akaipangusa kwa gauni. Jada akampakia mpaka Custom, na kwa kuwa basi la alfajiri lilikuwa limekwenda zamani, alimbembeleza dereva wa lori la Mganda mmoja mpaka akakubali kumfikisha mpakani. Jada alirudi kuniambia amepanda. "Malesh, mama," akasema, yaani pole, akakataa nauli.

Uchaguzi uliahirishwa, na bado unaahirishwa. Watu wa Morris wanasema nilinunuliwa na Janepher. Watu wa Janepher wanasema nilitumwa na Morris niharibu ushahidi. Kamati imeundwa kuchunguza mwenendo wangu, mimi Magdaline, kwa kosa la kuvuruga mkutano halali. Jethro, Morris alimfukuza ili aonekane msafi. Haukupita muda nikamwona Custom anagawa fulana za Janepher, miwani ile ile, kicheko kile kile, ananiita mathe.

Cheryl alinipigia baada ya mazishi. Sikumuuliza mengi, nilimwacha aseme anachotaka. Aliniambia kanisa lilijaa, na kwamba mama yake alivalishwa gauni la buluu alilomnunulia hapa Juba. Akaniambia mashada mawili makubwa yaliletwa kwa gari, moja lina utepe wenye jina la Morris, jingine lina utepe wenye jina la Janepher, na waliotumwa kuyaleta walianza kusukumana pale pale kaburini, kila upande unataka la kwake liwekwe juu. Mchungaji aliwasihi, wakaendelea. Cheryl akawaambia wampe yeye yote mawili. Wakampa. Akayabeba mpaka nje ya boma akayaacha barabarani, kisha akarudi kumzika mama yake.